Fimbo ya kuongozea chombo cha angani mchezoni: Jinsi ya kuichagua na kuitayarisha

ALIYEWAHI kushika kana ya mashua katika mkondo ulio kati ya Lamu na Manda anafahamu, pasipo kufundishwa darasani, jambo ambalo wachezaji wengi wa michezo ya vyombo vya angani huchukua miezi kulitambua. Chombo hakigeuki papo hapo mkono unapogeuka, na mkono ukikosea kidogo, kosa huendelea kukua hata baada ya mkono wenyewe kutulia.

Makala haya yanahusu mkono huo na kifaa unachokishika. Ni ile fimbo ambayo wauzaji huiita joistiki, yaani kishikio kilichosimama juu ya kitako, ambacho mchezaji hukilaza mbele, nyuma, kushoto au kulia ili kuelekeza chombo anachokiona kwenye kioo cha tarakilishi. Tutaiita fimbo, kwa kuwa neno hilo linatosha na halimchoshi msomaji.

Katika visiwa vya Lamu, kununua fimbo ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Bidhaa za aina hii aghalabu hutoka Nairobi au Mombasa, husafirishwa kwa barabara hadi Mokowe, kisha huvushwa kwa boti. Mkazi wa Nairobi aliyeuziwa fimbo mbovu anaweza kurejea dukani kwa matatu siku iyo hiyo. Mkazi wa Faza au Kizingitini atahesabu nauli ya boti, nauli ya basi na siku atakazopoteza, halafu ataamua kukaa na hasara yake.

Kwa sababu hiyo, swali lililo muhimu kwake si fimbo ipi inasifiwa zaidi ulimwenguni. Ni namna ya kutambua iwapo kasoro anayoiona imo ndani ya fimbo, au imo katika jinsi fimbo ilivyotayarishwa. Kasoro ya kwanza ni nadra kupata dawa ya bei nafuu. Ya pili huondolewa kwa robo saa, bila gharama yoyote.

Michezo yenyewe

Mchezo uliofungua njia ni Elite, uliotungwa na vijana wawili Waingereza, David Braben na Ian Bell, na kutolewa mwaka wa 1984. Kwa upande wa kugeuka, chombo cha Elite kiliweza kufanya mambo mawili tu: kuinua au kuinamisha omo, na kulala ubavu hadi kupinduka. Hakikuweza kupeleka omo kushoto au kulia moja kwa moja kama mashua ifanyavyo. Aliyetaka kwenda kulia alikilaza chombo ubavu wa kulia, kisha akaivuta fimbo.

Michezo iliyofuata, kama vile X-Wing wa mwaka wa 1993 na FreeSpace 2 wa mwaka wa 1999, ilishika njia nyingine. Humo, kulaza fimbo kulia hupeleka omo kulia, na kulala ubavu ni jambo la ziada linalofanywa kwa kitufe au kwa kuzungusha kishikio. Elite Dangerous, uliotolewa Desemba 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Braben mwenyewe, ulirudia desturi ya kwanza: chombo chaweza kupeleka omo upande, lakini kwa uzito mno, hivi kwamba rubani hana budi kulala ubavu kwanza.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mnunuzi. Ikiwa mchezo wako ni wa desturi ya kwanza, uwezo wa fimbo kuzungushwa kishikio si lazima sana. Ikiwa ni wa desturi ya pili, au ukitaka kucheza yote, fimbo isiyozunguka itakukera mapema.

Kuna pia Orbiter, programu isiyolipiwa ambayo Martin Schweiger wa chuo cha University College London aliitoa mwaka wa 2000, na ambayo misimbo yake iliwekwa wazi kwa umma mwaka wa 2021. Hakuna vita humo. Kuna uzito, mwendo na mizunguko ya sayari kama ilivyo kweli, na chombo chaweza kuongozwa kwa kibodi peke yake. Elite Dangerous huhitaji mtandao wa intaneti wakati wote. Orbiter na FreeSpace 2 huchezwa hata mtandao ukiwa umekatika. Kwa maoni yangu, asiyejua kama michezo hii itamnasa na aanze na Orbiter kwa wiki mbili kabla hajatoa hata senti moja kwa ajili ya fimbo.

Wala mambo ya anga si mageni katika pwani hii. Kusini mwa Lamu, katika Ghuba ya Ungwana, kuna majukwaa ya kituo cha Waitaliano cha San Marco, yaliyosimamishwa baharini karibu na Ngomeni. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka hapo ilipaa Aprili 26, 1967. Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka mbinguni, nayo ikapewa jina la Uhuru. Urushaji wa mwisho ulifanyika Machi 1988.

Setilaiti, hata hivyo, haina rubani wala fimbo. Ili kuelewa fimbo ya angani yafaa kutazama vyombo vilivyobeba watu.

Mikono miwili

Baharia anazijua namna tatu ambazo chombo hugeuka: omo hupanda na kushuka, omo huenda kushoto na kulia, na chombo hulala ubavu huu au ule. Chombo cha angani kina namna hizo tatu, na juu yake kina misogeo mitatu isiyogeuza omo: kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Jumla ni miendo sita. Hakuna maji ya kukishika chombo wala upepo wa kukizuia, kwa hivyo kila mwendo ulioanzishwa huendelea mpaka uzuiwe na mwendo wa kinyume.

Wahandisi wa Marekani waliigawa miendo hiyo baina ya mikono miwili. Katika chombo kilichotua mwezini Julai 1969, Neil Armstrong alikuwa na kishikio cha mkono wa kulia cha kugeuza chombo, na cha mkono wa kushoto cha kukisogeza bila kukigeuza. Vyombo vya Soyuz vya Urusi hufuata mgawanyo huo huo.

Fimbo moja yenye kishikio kinachozunguka inatoa mihimili mitatu. Ikiwa na wenzo mdogo wa kasi kwenye kitako chake, inatoa minne. Miendo iliyosalia hupewa vitufe, hasa kile kitufe cha juu chenye pande nne ambacho wachezaji hukiita kofia. Mpangilio huu unamtosha anayeanza, na kwa kweli unawatosha wengi wasioanza.

Hatua inayofuata ina njia mbili. Wapo wanaonunua wenzo mkubwa wa kasi wa kuwekwa kushoto, kama uliomo katika ndege za kivita. Wapo wanaonunua fimbo ya pili kwa ajili ya mkono wa kushoto, na hapo miendo yote sita hupata mhimili wake. Wenzo mkubwa hupendeza macho na hukaa pale unapouacha, jambo linalowafaa wanaosafiri safari ndefu mchezoni. Fimbo mbili ndizo zinazokaribia zaidi desturi ya vyombo vya kweli. Binafsi naona fimbo mbili za kadiri ni bora kuliko fimbo moja ya fahari, lakini nasisitiza: ya pili inunuliwe baada ya ile ya kwanza kuzoeleka.

Kilichomo ndani

Fimbo haiuzwi kwa kilichomo ndani. Inauzwa kwa taa, rangi na wingi wa vitufe. Mnunuzi wa Lamu na ayapuuze hayo, aulize swali moja: fimbo hii inapimaje mahali ilipo?

Jawabu la zamani na la bei nafuu ni potenshiomita. Ni kijia cha kaboni ambacho juu yake hupita kidole kidogo cha chuma. Kidole kikisogea, umeme unaopita hubadilika, na tarakilishi ikajua fimbo imelala kiasi gani. Ubaya wake ni kwamba vitu viwili vinasuguana. Kijia huliwa, na huliwa zaidi katikati, mahali ambapo fimbo hupita mara nyingi kuliko pengine popote. Unga wa kaboni na vumbi hujikusanya hapo. Katika miji ya bahari, kutu ya chumvi nayo hushambulia chuma cha kidole na viunganishi vyake.

Jawabu la pili ni kihisi cha sumaku. Kanuni yake iligunduliwa na Mmarekani Edwin Hall mwaka wa 1879: sumaku ikisogezwa karibu na kipande kinachopitisha umeme, hutokea msukumo mdogo wa umeme wa upande unaoweza kupimwa. Ndani ya fimbo, sumaku husogea pamoja na kishikio, na kihisi huipima bila kuigusa. Kwa kuwa hakuna msuguano, hakuna kinacholiwa. Springi zitachoka na vitufe vitachakaa, ila kipimo chenyewe hudumu.

Kwa hali ya hewa ya visiwani, sioni sababu ya kununua fimbo mpya isiyokuwa na vihisi vya sumaku, iwapo fedha zinaruhusu. Thrustmaster T.16000M ni mfano wa fimbo ya kadiri yenye vihisi hivyo katika mihimili yake miwili mikuu. Tena inaweza kubadilishwa vipande ili ishikwe kwa mkono wa kushoto. Juu yake zipo za VKB Gladiator NXT, zinazotengenezwa kwa mkono wa kulia na wa kushoto, zenye viungo madhubuti zaidi. Chini yake ipo Logitech Extreme 3D Pro, yenye vitufe 12, kishikio kinachozunguka na wenzo mdogo, ambayo wengi wameanzia kwayo. Ng'ambo, ya mwisho huuzwa aghalabu chini ya dola 50, na zile za Gladiator huzidi dola 100. Anayeagiza mwenyewe aongeze usafiri, ushuru wa forodha na kodi ya thamani ya asilimia 16 kabla hajajipongeza kwa bei aliyoiona.

Tahadhari moja zaidi. Fimbo nyingi zenye vihisi vya sumaku katika mihimili mikuu bado hutumia potenshiomita kwa kuzungusha kishikio. Tangazo likisema fimbo ni ya sumaku, uliza kama na mzunguko ni wa sumaku.

Fimbo zilizotumika

Mitumba ina nafasi yake, lakini tazama plagi kwanza. Fimbo za miaka ya 1990, zikiwemo za kwanza za Microsoft SideWinder, zilikuwa na plagi pana ya pini 15 zilizopangwa kwa safu mbili. Tarakilishi za leo hazina tundu hilo, na Windows iliacha kulitambua tangu toleo la Vista la mwaka wa 2007. Fimbo ya namna hiyo ni pambo la kabati. Nunua yenye plagi ya USB.

Kisha omba kuijaribu. Nenda dukani na kipakatalishi chako, au mtume ndugu mwenye nacho. Katika Windows, andika joy.cpl katika kisanduku cha kutafutia, ufungue orodha ya vifaa vya mchezo, uchague fimbo na kuingia sehemu ya majaribio. Utaona mraba wenye alama ya msalaba ndani yake, pamoja na taa za vitufe.

Lilaze fimbo polepole mpaka mwisho, upande kwa upande, na msalaba usogee bila kurukaruka. Halafu fanya jaribio ambalo ndilo kiini cha makala haya. Ivute fimbo kulia, iachilie, utazame msalaba umesimama wapi. Ivute kushoto, iachilie, utazame tena. Rudia mbele na nyuma, mara kumi kila upande.

Msalaba ukirudi daima mahali pamoja, hata kama mahali hapo si katikati ya mraba, fimbo ni nzima na inahitaji kusawazishwa tu. Msalaba ukisimama hapa leo na pale kesho, au ukitetemeka ilhali hakuna aliyeigusa fimbo, basi kijia kimeliwa au kiungo kimelegea. Kosa lisilobadilika ni la matayarisho. Kosa linalobadilikabadilika ni la fimbo, na muuzaji akisema litaisha ukizoea, mshukuru uondoke.

Mwandishi wa makala haya hakuyajua hayo kwa kusoma. Miaka kadhaa iliyopita, mpwa wangu wa mtaa wa Langoni, aliyekuwa akivusha abiria kwa mashua, alidunduliza fedha akanunua fimbo iliyotumika katika duka moja la Mombasa. Ilifika ikiwa imefungwa vizuri katika gazeti. Usiku wa kwanza alinipigia simu. "Mjomba," akasema, "chombo chaenda mrama na mimi sijakigusa."

Nikamshauri apanue eneo mfu, yaani ile sehemu ya katikati ambamo mchezo hupuuza mwendo wa fimbo. Akalipanua mpaka likafika asilimia 20. Chombo kikatulia. Lakini sasa hakuweza kulenga. Kila alipotaka kusogeza omo kidogo, hakikutokea kitu. Alipoongeza nguvu, omo uliruka ukapita shabaha. Alicheza hivyo kwa wiki mbili akiamini kwamba mkono wake ndio mzito, mtu aliyeweza kuipitisha mashua baina ya majahazi mawili gatini bila kugusa.

Tulipoifungua fimbo hatimaye, tuliona kijia kimeliwa na viunganishi vimeota ukijani. Tukavisafisha kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, na ikafanya kazi kwa miezi miwili hivi kabla ya kurudia hali yake. Ushauri wangu wa simu ulikuwa mbaya. Nililifunika tatizo kabla ya kulitambua, na fedha alizozipata kwa jua la mchana zikaenda.

Meza na kiti

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote ya mchezo, iimarishe fimbo mahali pake. Fimbo inayoteleza mezani humlazimu mchezaji kuishika kitako kwa mkono wa pili na kuibana kwa nguvu, na mkono unaobana hauwezi kufanya mwendo mdogo. Vifyonzeo vya mpira vilivyo chini ya baadhi ya fimbo havishiki vyema juu ya mbao yenye nakshi wala juu ya kitambaa.

Wauzaji wana mikono ya chuma ya kufungia fimbo mezani kwa bei inayoweza kupita bei ya fimbo yenyewe. Katika mji wenye maseremala kama Lamu sioni haja yake. Ubao wa upana wa shubiri mbili, uliotobolewa matundu yanayolingana na yale ya chini ya kitako, utatosha. Waweza kufungwa ubavuni mwa kiti au kulazwa juu ya mapaja. Fimbo isiyo na matundu ifungwe kwa utepe wenye gundi pande mbili.

Kimo kiwe cha kuuacha mkono wa mbele ulale sambamba na sakafu, kiwiko kikiwa kimekunjwa takriban pembe mraba. Fimbo ikiwa juu mno, bega hupanda na huchoka. Anayezungusha kishikio mara kwa mara aegemeze mkono wa mbele mahali fulani, la sivyo kifundo kitauma, na maumivu ya kifundo si jambo la kuvumiliwa kwa ajili ya mchezo.

Kusawazisha na kupanga

Fimbo ikishakaa imara, isawazishe kwa ile sehemu ya Windows tuliyoitaja. Fuata maelekezo, uilaze mpaka pembe zote, na unapoambiwa uiache katikati, iachilie kabisa. Fimbo nyingi za sumaku hazihitaji hatua hii kwa kuwa hujisawazisha zenyewe mara zinapopata umeme. Kwazo, kanuni ni moja: usiishike inapochomekwa. Umeme ukikatika na kurudi huku mkono ukiwa juu ya fimbo iliyolala, yaweza kudhani huko ndiko katikati. Ichomoe, iachilie, uichomeke upya.

Sasa ingia katika mchezo. Eneo mfu lianze na sifuri. Tazama kama chombo kinasogea chenyewe, halafu liongeze kidogo kidogo mpaka kitulie. Fimbo ya sumaku huridhika na asilimia 2 au 3; fimbo nzuri ya potenshiomita, kama asilimia 5. Ikiwa unahitaji kupita asilimia 10, rudia jaribio la kuiachilia fimbo. Tatizo halimo mchezoni.

Kinachofuata ni mkunjo wa mwitikio. Mchezo unaweza kuambiwa kwamba nusu ya mwendo wa fimbo isilete nusu ya mgeuko, bali robo tu, na kwamba mgeuko uliobaki uje kuelekea mwisho. Hili huupa mkono utulivu wa kulenga katikati bila kuupunguzia nguvu pembeni. Ni msaada mkubwa kwa fimbo fupi. Usiuzidishe, maana mkunjo mkali huwa na kasoro ile ile ya eneo mfu pana: mkono haupati jibu, huongeza nguvu, chombo kinaruka. Cheza siku tatu bila mkunjo wowote, kisha uongeze kiasi kidogo na ulinganishe.

Kuhusu wenzo wa kasi, michezo mingi hutoa chaguo mbili. Katika la kwanza, katikati ya wenzo ni kusimama, na kuurudisha nyuma ni kwenda kinyumenyume. Katika la pili, mwisho wa nyuma ni kusimama, na kitufe ndicho kinachogeuza mwendo. Wenzo usio na kituo katikati unafaa chaguo la pili, kwani mkono hauwezi kujua sifuri iko wapi bila kutazama. Katika Elite Dangerous, chombo hugeuka upesi zaidi kikiwa na kasi ya wastani kuliko kikiwa mbio kabisa. Kwa chaguo la pili, kasi hiyo hupatikana wenzo ukiwa nusu ya njia, mahali ambapo mkono hupajua haraka.

Sasa suala la kana. Mwenye mashua anajua kwamba akiisukuma kana kulia, omo huenda kushoto. Fimbo hufanya kinyume: kulia ni kulia. Mpwa wangu, katika wiki zake za kwanza, aliongoza sawasawa mambo yalipokuwa shwari, lakini adui alipotokea ghafla mkono ulirudi kwenye ulichokizoea tangu utotoni, na chombo kikamwendea adui. Karibu kila mchezo unaruhusu mhimili kugeuzwa kinyume, na wapo watakaomwambia afanye hivyo.

Sikubaliani nao. Kana hushikwa ikiwa imelala, na mwili mzima huegemea. Fimbo husimama wima na hutumia kifundo. Mkono huzitofautisha baada ya siku chache, na mtu akahifadhi desturi zote mbili bila kuzichanganya. Isitoshe, maelekezo yote ya michezo yameandikwa kwa kudhani kulia ni kulia. Mhimili unaofaa kujaribiwa kugeuzwa ni ule wa mbele na nyuma. Katika ndege, kuvuta fimbo huinua omo, na michezo mingi hufuata hivyo, lakini asiyeizoea ndege hana sababu ya kuona haya akiugeuza.

Vitufe vipangwe mwisho. Kile cha kidole cha shahada kiwe cha kufyatulia, na vile vinavyofikiwa na dole gumba bila kuachilia kishikio viwe vya mambo ya dharura. Kuteremsha magurudumu ya kutulia au kufungua ramani kwaweza kubaki katika kibodi.

Chumvi na umeme

Hewa ya bahari haichagui. Fimbo ifunikwe kwa kitambaa kizito isipotumika, na isiachwe karibu na dirisha linalotazama bahari wakati wa kusi. Vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme visitupwe; viwekwe na fimbo katika kisanduku kinachofunga. Kichwa cha USB kipanguswe kwa spiriti kila baada ya miezi michache na kuachwa kikauke. Mafuta ya cherehani au ya kupikia yasitiwe ndani kamwe, kwani hukamata vumbi na kulipeleka pale pale lisipotakiwa.

Tarakilishi ya mezani isiyokuwa na betri ya akiba huzimika umeme ukikatika, na mchezo uliokuwa ukibadilishwa mipangilio waweza kuisahau. Elite Dangerous huhifadhi mpangilio wa vitufe katika faili inayoishia na herufi za binds. Inakili katika diski ndogo ya USB kila unapomaliza kurekebisha. Chomeka fimbo kabla ya kuufungua mchezo, kwa sababu usipoiona unaweza kurudia mpangilio wake wa kiwandani. Na mwenye fimbo mbili atie alama ya rangi kwenye kila plagi na tundu lake, kwani fimbo zikibadilishana matundu, tarakilishi huweza kuzibadilishia namba, na mkono wa kushoto ukajikuta unaongoza omo.